Siku Tuliyotaka &copy; Ibaki &copy;

Mwaka 2008 nilikuwa nafundisha kompyuta kwenye shule moja ya sekondari mkoani Iringa. Mashine zetu zilikuwa chache, za mitumba, na intaneti haikuwepo. Vitabu vya HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, tulivyokuwa navyo vilikuwa vya Kiingereza vyote, na vijana wa kidato cha pili walikuwa bado wanahangaika na lugha hiyo katika masomo mengine. Iliniuma kuona mtoto mwenye akili nzuri anashindwa somo analoliweza, kwa sababu tu maelezo hayaelewi. Nikaamua tuandike somo letu kwa Kiswahili, kurasa za kufungua kwenye kivinjari bila mtandao, kila mashine iwe na nakala yake.

Kueleza HTML ndani ya HTML kuna tabu yake. Ukitaka kumwonyesha mwanafunzi tagi ya <b>, yaani amri iliyofungwa kwa mabano ya pembe, ukaiandika vilevile, haioni. Kivinjari kinaitii: maneno yanayofuata yanakolea wino, tagi yenyewe imeshatoweka. Hilo tulilimaliza mapema. Penye < unaandika &lt; na penye > unaandika &gt;, basi tagi inabaki mbele ya macho.

Ugumu ulikuja kwenye jedwali la misimbo, yaani maandishi kama hayo yanayoanza na & na kuishia na nukta mkato, kila moja likitoa alama yake. HTML 4.01, toleo tulilokuwa tunafundisha, lilikuwa na misimbo 252 ya majina. Sisi tulichagua michache tu na kuikabidhi kwa kundi la wanafunzi waliokuwa wakibaki maabara baada ya vipindi. Kushoto msimbo, kulia alama inayotokea. Walipoufungua ukurasa, pande mbili zilifanana. Kushoto ©, kulia ©. Kushoto ½, kulia ½. Mstari wa &nbsp; ulikuwa mtupu huku na huku, maana msimbo huo hutoa nafasi isiyokatika, na nafasi haina sura.

Mwalimu mwenzangu wa Fizikia, aliyependa kuja kukaa nasi, akasema, "Piga picha ya skrini, ibandike hapo, kazi iishe." Jioni ilikuwa imeingia na shauri lake lilikuwa jepesi. Nilikataa. Msimbo ulio kwenye picha haunakiliki. Nilitaka mtoto apitishe kipanya juu ya &copy;, ainakili, aibandike kwenye faili lake mwenyewe, kisha aone kinachotokea. Akilazimika kuiandika upya kwa kutazama, atasahau ile nukta mkato ya mwisho, na wa kumwonyesha pengine hatakuwepo. Kijana mmoja akajaribu tagi ya <pre>, kwa kuwa tulikuwa tumeitumia kuonyesha mistari ya programu. Haikusaidia. <pre> hulinda nafasi na mikato ya mistari peke yake. Misimbo iliyo ndani yake hufasiriwa kama kawaida.

Ndipo binti mmoja aliyekuwa kimya muda wote akauliza, "Mwalimu, kama < ina msimbo wake, hii & nayo si inao?"

Inao. Ni &amp; na ulikuwa kwenye jedwali hilohilo, mistari michache chini. Nikamwachia kiti. Akafuta &copy; ya upande wa kushoto, akaandika &amp;copy; akahifadhi, akafungua upya ukurasa. Kushoto pakasimama &copy; herufi kwa herufi, na kulia ©. Wenzake walipiga kelele hadi mlinzi akachungulia dirishani.

Niliwaeleza sababu palepale, na hadi leo naona ndiyo sehemu tamu kuliko zote katika somo hili. Kivinjari hupita juu ya misimbo mara moja tu, kutoka kushoto kwenda kulia. Kikikutana na & kinatazama mbele kutafuta jina linalojulikana. Kikiona &amp; kinaweka & moja kwenye ukurasa na kusonga mbele; hakirudi nyuma kukifasiri tena kile kilichokwisha kukitoa. Kwa hiyo c, o, p, y na nukta mkato vinakutwa ni herufi za kawaida, vinaachwa. Kama kingekuwa kinarudia, jedwali letu lisingewezekana kabisa.

Mwalimu wa Fizikia alivutiwa, akataka kutuharakishia kazi. Akachukua ukurasa mwingine uliojaa mifano ya tagi, akaiambia programu ya kuandikia ibadilishe kila < iwe &lt; na kila > iwe &gt; kisha kila & iwe &amp;. Mifano yote ikaonyesha &lt;b&gt; mahali pa <b>, kwa sababu hatua ya pili ilizikuta & zilizoletwa na hatua ya kwanza na kuzibadilisha nazo. Tukageuza mpango: & kwanza, mabano ya pembe baadaye. Mpangilio huo niliuandika ubaoni nikakataza usifutwe.

Kioja kingine kilitokana na Kiswahili chenyewe. Katika zoezi tulikuwa na maneno ng'ombe na ng'ambo, na wanafunzi walitumia &apos; kwa ile alama ya juu. Kivinjari kimoja kilionyesha ng'ombe. Kingine, cha zamani, kikatuonyesha ng&apos;ombe vilevile, msimbo mzima. Hapa tulitaka alama tukapata msimbo, wakati kwenye jedwali tulikuwa tumetaka msimbo tukapata alama! Na kivinjari hakikuwa na kosa: &apos; ni ya XML, lugha nyingine inayofanana na HTML, haimo katika orodha ya HTML 4.01. Tukatumia namba, &#39; nayo ikakubali kwenye mashine zote.

Kabla hatujafunga, yule binti akataka mstari mmoja uongezwe. Mtu atakayesoma jedwali hili akitaka kujua & yenyewe huandikwaje, ataonyeshwa vipi? Kwa kuwa alikuwa ameshaelewa, alijijibu mwenyewe kabla sijafungua kinywa, akaketi akauandika. Katika faili ulisomeka &amp;amp; upande wa kushoto, na &amp; upande wa kulia. Tulipoufungua tukaona &amp; na &. Nikanakili folda nzima kwenye flashi, tukaanza kuipitisha kwenye mashine moja baada ya nyingine.