Msamaha kwa wahamiaji Marekani: foleni ipi hiyo?

Inachosha kusikia wapinzani wa msamaha wakisema wahamiaji wasio na vibali "warudi kwao wapange foleni" ya viza. Sheria ya uhamiaji ya 1996 inasema aliyekaa bila kibali zaidi ya siku 180 akiondoka, hufungiwa mlango miaka 3, akifikisha mwaka, miaka 10. Hata mwenye mume au mke raia, kama alivuka mpaka bila kukaguliwa, huogopa kufuata viza ubalozini, maana kutoka tu ndiko kunakoanzisha adhabu.

Wapinzani hutaja msamaha wa 1986, uliotiwa saini na Rais Ronald Reagan, wakisema haukuzuia wengine kuingia bila kibali. Watu wapatao milioni 2.7 walipata ukaazi, kweli. Lakini kilichovuja ni upande wa waajiri: walitakiwa kukagua karatasi za ruhusa ya kazi tu, na karatasi ya kughushi iliyofanana na halisi ilipita. Mbona hilo halijadiliwi?