Springi Moja, Thamani Mbili za Ugumu

Somo la vitendo la leo kwa darasa la sita la sekondari la sayansi lilikuwa la kupima ugumu wa springi, yaani kani inayohitajika kwa kila mita ya kuivuta, kwa njia mbili, na makundi yote yakatoka na majibu mawili yasiyokubaliana. Kundi lililokaa karibu na dirisha lilipata nyutoni 20.1 kwa mita kwa kutundika vyuma na kupima urefu, kisha likapata nyutoni 19.0 kwa mita kwa kupima muda wa mitetemo. Springi ni ile ile, stendi ni ile ile, na mikono iliyopima ni ile ile. Tofauti inayozidi kidogo asilimia tano huonekana ndogo kwa mtu anayetaka kufunga daftari arudi nyumbani, lakini mimi naiona kuwa ndiyo sehemu yenye mali nyingi kuliko nyingine zote katika somo hili, na ninasikitika kwamba miongozo ya maabara huizika chini ya maneno mawili, "makosa ya vipimo", kana kwamba kosa ni hali ya hewa ambayo haina mwenyewe.

Njia ya kwanza ni ya Robert Hooke, yule Mwingereza ambaye mwaka 1676 alitangaza kanuni yake kwa kuandika herufi zake zikiwa zimepangwa upya ili mtu asiweze kuisoma, akaifumbua mwaka 1678: kani ya springi huongezeka kwa kadiri ileile springi inavyovutika. Wanafunzi walicheka waliposikia kwamba mwanasayansi mkubwa alificha jibu lake kwa miaka miwili ili asiporwe sifa. Kwa vitendo kazi yenyewe ni rahisi: unatundika tungamo, unasoma rula jicho likiwa sawa na ncha ya springi, unaongeza tungamo, unasoma tena, kisha unachora grafu ya kani dhidi ya mvutiko, na mteremko wake ndio ugumu.

Urahisi huo, hata hivyo, una mtego mmoja. Springi zetu zilinunuliwa mtaa wa Birere, hapa Goma, kwa muuzaji wa vipuri, nazo zimesokotwa kwa kubanana, pete ikigandamana na pete. Springi ya namna hiyo huwa na mbano wake wa awali, yaani haifunguki hata kidogo mpaka uzito uupite ule mbano, na kwa hiyo gramu chache za kwanza haziisogezi kabisa. Mwanafunzi anayegawanya kani kwa mvutiko wa kipimo kimoja tu atapata ugumu unaobadilika kila anapoongeza chuma, naye ataamini kwamba Hooke alidanganya. Anayechora mstari kupitia vipimo vyote atapata mteremko ulio imara, ingawa mstari huo haupiti kwenye sifuri. Nimewakataza kuulazimisha upite hapo. Msichana mmoja aliniuliza, "Mwalimu, lakini kitabu kinaonyesha unapita kwenye sifuri," nami nikamjibu kwamba kitabu kilichora springi ya kwake, na sisi tunapima hii yetu.

Njia ya pili ni ya mitetemo. Unatundika gramu 200, unaivuta chini kidogo, unaiachia, na unapima muda. Hapa pia zipo hila ndogo ambazo hakuna mlinganyo unaozitaja. Mkono wa mtu huchelewa kubonyeza simu kwa karibu sehemu mbili za kumi za sekunde, na kwa kuwa mtetemo mmoja wa springi yetu huchukua sehemu sita tu za kumi, kupima mtetemo mmoja ni kazi bure. Tunapima ishirini kwa pamoja, kisha tunagawanya. Tunaanza kuhesabu tungamo linapopita katikati, ambapo mwendo wake ni mkali na wakati wa kupita unaonekana wazi, badala ya kuanza kileleni linapokawia kabla ya kugeuka. Na tunaanza kwa kusema "sifuri". Kijana anayesema "moja" pale anapobonyeza huwa amepima mitetemo kumi na tisa akidhani ni ishirini, na kwa kuwa ugumu hutokana na mraba wa kipindi, yaani muda wa mtetemo mmoja, kosa la asilimia tano kwenye muda huzidi asilimia kumi kwenye jibu. Mwisho, mvuto wa kwanza usiwe mkubwa kiasi cha pete kugongana zinapopanda, maana hapo springi huacha kuwa springi.

Kundi la dirishani lilizifuata hila hizo zote. Sekunde 12.88 kwa mitetemo ishirini, yaani kipindi cha sekunde 0.644. Walipoweka katika mlinganyo wa kawaida, ambao ugumu ni mara nne ya mraba wa pai, mara tungamo, kugawanya kwa mraba wa kipindi, wakapata 19.0. Basi wakaanza kutafuta wa kulaumiwa, na mjadala huo ndio uliokula nusu ya pili ya somo bila mimi kuuzuia.

Wa kwanza kushtakiwa alikuwa hewa. Ni kweli kwamba hewa hupunguza ukubwa wa mitetemo, na baada ya dakika kadhaa tungamo hutulia lenyewe. Lakini mtetemo unaodumu muda mrefu hivyo kabla ya kufa ni dalili kwamba msuguano ni mdogo, na msuguano mdogo karibu haugusi kipindi. Hewa ikaachiliwa.

Wa pili alikuwa mchapuko wa mvutano wa dunia, ambao katika njia ya kutundika hugeuza tungamo kuwa kani, na hapa nilifurahi, kwa sababu aliyeleta hoja hiyo alikuwa amefikiri. Tumezoea kuandika 9.81, thamani inayofaa Paris, ilhali sisi tuko karibu kabisa na ikweta na karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kwa kuwa dunia imetuna kwenye ikweta na huzunguka kwa kasi zaidi huku, na kwa kuwa tumeinuka, thamani ya Goma ni takribani 9.78. Jambo hili lilijulikana kwa uchungu zamani: mwanaastronomia Mfaransa Jean Richer alipopeleka saa ya penduli kutoka Paris hadi Cayenne, Amerika ya Kusini karibu na ikweta, mwaka 1672, aliikuta ikichelewa karibu dakika mbili na nusu kila siku, na saa hiyo hiyo ingeletwa hapa kwetu ingechelewa kwa kadiri inayofanana na hiyo. Saa ya springi haina taabu hiyo, kwa kuwa mvutano wa dunia haumo katika kipindi cha springi. Huhamisha tu mahali ambapo tungamo linatulia. Ndiyo maana njia ya mitetemo ingetoa ugumu uleule hata mwezini, ilhali njia ya kutundika inadai ujue uko wapi.

Hoja ilikuwa nzuri, lakini hesabu haikumhurumia mwenye hoja. Kubadilisha 9.81 kuwa 9.78 kulishusha jibu kutoka 20.1 hadi 20.0, basi. Tofauti ya sehemu tatu kwa elfu haiwezi kueleza upungufu wa sehemu hamsini kwa elfu. Zaidi ya hayo, rula yenye milimita, ikisoma mvutiko wa sentimita chache, ina shaka ya asilimia moja, kwa hiyo tulikuwa tukibishana juu ya tofauti ambayo chombo chetu hakiioni. Naona ni afya mwanafunzi akutane mapema na hali hii, ambapo wazo ni sahihi kabisa na bado silo jibu.

Mshtakiwa wa tatu alikuwa springi yenyewe, na hakushtakiwa na yeyote mpaka nilipowauliza kitu gani kingine mezani kilikuwa kikitembea. Mlinganyo wa kitabu huchukulia kwamba springi haina uzito. Tuliiweka ya kwetu kwenye mizani, ikasoma gramu 30. Wengi walitaka mara moja kuziongeza gramu zote 30 kwenye 200, na jibu likaruka hadi kupita 21, sasa likiwa kubwa mno. Sababu ni kwamba springi haitembei yote kwa mwendo mmoja: pete ya juu imefungwa kwenye stendi wala haisogei, pete ya mwisho hukimbia pamoja na tungamo, na ya katikati huenda kwa nusu ya mwendo huo. Nishati mwendo hufuata mraba wa mwendo, hivyo pete ya katikati hubeba robo tu ya nishati ya pete ya mwisho, na ukijumlisha kuanzia juu hadi chini utapata kwamba springi nzima huhesabika kama theluthi moja ya tungamo lake. Gramu 10. Wakaweka gramu 210 katika mlinganyo, na jibu likatoka nyutoni 20.0 kwa mita.

Kelele zilizotokea zilimleta mwalimu wa chumba cha pili mlangoni.

Niliwaonyesha pia njia ambayo isingehitaji mizani kabisa. Ukipima kipindi kwa matungamo tofauti na kuchora mraba wa kipindi dhidi ya tungamo, mteremko hukupa ugumu bila kujali springi ina uzito gani, na mstari ukiurefusha nyuma hukata mhimili wa tungamo kwenye gramu 10 upande wa hasi. Nadhani grafu hii ni nzuri kuliko masahihisho ya theluthi, kwa sababu haimdai mwanafunzi akubali jambo kwa kuambiwa. Katika njia ya kutundika uzito wa springi haukuharibu kitu, kwa kuwa huivuta springi kiasi kilekile mwanzo na mwisho, na mteremko haubadiliki. Kila njia ilikuwa imesahau kitu chake, na vitu vyenyewe havifanani.

Kuna jambo ambalo sikupata muda wa kulieleza vizuri, nami naliandika hapa ili nisilipoteze. Vipimatetemeko vinavyosikiliza ardhi chini ya Nyiragongo, volkano ya hapa kwetu, vimejengwa juu ya wazo hilihili la tungamo na springi: ardhi husogea, tungamo hubaki nyuma, na tofauti ndiyo inayoandikwa. Hawa vijana walikuwa watoto tarehe 22 Mei 2021, lava iliposhuka na matetemeko kufuata kwa siku kadhaa, na hakuna haja ya kuwaeleza kwa nini mtu angependa kupima mtikisiko. Tatizo ni kwamba ili kupata mitikisiko ya polepole, chombo kinahitaji kipindi kirefu. Kwa springi inayoning'inia wima, kipindi hutegemea tu mvutiko ambao uzito huleta. Ukitaka sekunde moja, mvutiko ni karibu sentimita 25, nao ukitaka sekunde 20, ni karibu mita 99. Hakuna jengo Goma la kutundikia springi hiyo.

Aliyelitatua ni Lucien LaCoste mwaka 1932, akiwa mwanafunzi wa Texas, kwa kutumia springi iliyosokotwa kwa mbano wa awali mkubwa kiasi kwamba kani yake hulingana na urefu wake wote, siyo na nyongeza ya urefu peke yake. Springi hiyo ikifungwa kwa mshazari kwenye mkono unaoshika tungamo, kani yake na uzito hukaribia kulingana katika kila nafasi ya mkono, na kipindi huwa kirefu bila kuhitaji mita 99. Yaani ule mbano uliowaudhi asubuhi, uliokataa mstari upite kwenye sifuri, ndio uliowapa wanajiolojia chombo chao. Nitaanzia hapo safari ijayo.

Kisha tutaikata springi katikati kwa koleo. Nimewauliza ugumu wa nusu utakuwa kiasi gani, na walio wengi wamesema nusu ya ule wa mwanzo. Kwa uzito uleule kila nusu huvutika nusu ya mvutiko wa zamani, kwa hiyo natarajia nyutoni 40 kwa mita, na theluthi ya uzito wa kipande itakuwa gramu 5 tu. Utabiri wangu kwa gramu 200 ni kipindi cha sekunde 0.45, na nimeuandika ubaoni ili wauone kabla ya kupima.