Vile tulishusha tension ya mama, huku kwetu Kadutu, Bukavu

Mama yangu alianza dawa za tension, yaani presha ya damu, mwaka 2022. Miezi nane nzima mashine ilikuwa inatoa 180 kwa 110, na docta anataka ishuke chini ya 140 kwa 90. Kila tukirudi santre ya afya wanaongeza kidonge ingine. Mi nilikuwa namkasirikia mama, nafikiri hamezi.

Siku moja infirmie akapanda mpaka nyumbani, akakaa ku kitabure karibu na mbabula, jiko la makaa, wala hakuanza na dawa. Akauliza, mama, maji munachota wapi? Jana mulikula nini? Makuta, pesa, ya dawa inatoka wapi? Hapo ndio mama akasema ukweli, nami namsikia kwa mara ya kwanza: leo anameza kesho anaacha ili plaketi ifike mbali, juu makuta ingine ni ya minerval, ada ya shule, ya wajukuu, maji ni bido ya litre 20 kichwani anapanda nayo kilima, na mboga ni makayabu, samaki ya kukaushwa na chumvi, karibu kila siku, kwa sababu bila kurant, umeme, samaki mbichi inaoza na makayabu haiozi. Ile ni chumvi tupu jamani, na mtu mzima hafai kupitisha gramu 5 ku siku, kijiko kidogo kimoja cha chai, hiyo ni yote ya siku nzima.

Niliumia sana. Nikaenda kwa bamama wa kirimba, kikundi cha kuchangishana makuta, ya avenue yetu, kumbe watano wako na tension, wawili sukari, kila mtu anateseka peke yake nyumbani kwake. Tukapatana kila mmoja aongeze faranga 1000 ku wiki, tununue dawa kwa boksi, bei inapungua. Parokia ikatupa sale, chumba cha mikutano, baada ya misa ya kwanza, infirmie anapima, reko, mtu wa kujitolea wa afya wa mtaa, anaandika ku kaye, daftari. Vijana wa koral, kwaya, wanabebea wazee maji. Mwezi wa tatu makuta ya dawa ilikopwa bila kuuliza, kukawa fujo, tangu hapo sanduku iko na kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu.

Makayabu hatujaacha. Mama anailoweka usiku, anamwaga maji mara tatu, anaonja kwanza kwa ncha ya ulimi.

Jumapili iliyopita ilitoka 138 kwa 86. Reko akaandika, mama akaomba kaye aione kwa macho yake.