Kumbe si umeme

Juzi umeme ulikatika hapa Wete, Pemba, wakati laptopu ya dukani inajisasisha. Betri yake ilishakufa zamani, inaishi kwa waya tu. Mimi nilikuwa nimekwenda kusali adhuhuri. Umeme uliporudi nikaiwasha, ikatoa mistari myeupe kwenye kiza, kisha ikaganda:

Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)

Humo mlikuwa na mitihani ya skuli, kurasa arubaini, mwalimu anaitaka asubuhi. Nikaulaani waya unaotuletea umeme chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010. Mpwa wangu akachungulia: "Shangazi, ifute hiyo, tuipige Windows."

"Na mitihani utaichapa upya wewe?"

Laptopu hii inatumia mfumo wa Ubuntu, si Windows, na Ubuntu ikileta keneli mpya, yaani kiini cha mfumo, haiiondoi papo hapo ile iliyokuwa ikitumika. Nikawasha tena huku nabonyeza Esc ili nipate menyu ya GRUB, programu ya kuchagulia keneli ya kuwashia. Nimeibonyeza kama naua mbu, nikaangukia kwenye mstari wa amri wa grub> tupu. Kubonyeza mara moja kunatosha, jamani. Safari ya pili menyu ikaja. Nikaingia Advanced options, nikachagua keneli ya nyuma yake. Kiboksi cha nywila ya diski kilipotokea nilisema alhamdulillahi kwa sauti, maana ile mpya haikuwa ikifika hata hapo.

Kabla ya jambo lolote nikaichomeka flashi, nikainakili mitihani. Kisha nikapima /boot, sehemu ya diski zinamokaa keneli, kwa df -h /boot: imejaa asilimia 100.

Basi umeme nimeusingizia. Siku naiweka Ubuntu, mimi mwenyewe ndiye niliyeikatia /boot megabaiti 500, nikaona nyingi. Keneli zimerundikana humo, mpya ilipokuja ikakosa pa kuweka initramfs yake, ule mfuko mdogo wenye vifaa vya kuifungulia diski. Bila mfuko huo keneli inaamka, haioni diski, inakufa.

apt autoremove, amri ya kuondoa vya zamani visivyohitajika, ikagoma, inataka kwanza imalize kazi iliyokwama, na kazi haimaliziki kwa sababu nafasi hakuna. Nikaangalia uname -r nisije nikaifuta ninayoitumia, halafu nikaziondoa mbili kongwe pamoja na moduli zao kwa sudo dpkg --purge. Nafasi ikapatikana. sudo dpkg --configure -a ikamalizia iliyobaki, na sudo update-grub nikaipiga kwa wasiwasi wangu tu. Nikazima, nikawasha bila kugusa Esc. Ikaomba nywila.

Mpwa wangu alikuwa keshalala juu ya maboksi ya karatasi.

Saa moja na nusu asubuhi mwalimu akaingia, akaupokea mzigo wake, akaupapasa.

"Mbona zina moto?"

"Ndiyo zinatoka, Mwalimu."