Wa 300 duniani na bado hela ya tiketi inamsumbua

Naumia sana mtu akisema mchezaji fulani wa tenisi "ni wa 300 tu". Wa 300 tu?? yani dunia nzima wanaomzidi ni 299, kwenye kazi nyingine yoyote huyo angekuwa anaishi vizuri sana. Ila tenisi sivyo. Jopo huru lililochunguza upangaji wa matokeo lilisema 2018 kwamba kuna wachezaji wa kulipwa kama 15,000 hivi, na wanaorudisha gharama zao ni wale 250 mpaka 350 wa juu basi, tena kabla hujamlipa kocha.

Mimi hawa wa chini ndio nawafuatilia zaidi. Chukua mashindano ya M15, ngazi ya chini kabisa ya tenisi ya kulipwa ya wanaume, zawadi yote ni dola 15,000 ya kugawana watu wote, bingwa anashinda mechi tano ndani ya wiki anaondoka na dola elfu mbili na kidogo, anayetolewa raundi ya kwanza hapati hata 200, alafu hapo toa kodi, toa hoteli, toa hela ya kufunga nyuzi za raketi, na ndege ya kwenda mashindano ya wiki ijayo inamsubiri. Wengi hawasafiri na kocha kabisa, wanajipasha wenyewe, na anayewasaidia mazoezi asubuhi ndiye huyohuyo wanayecheza naye kesho.

Kinachoniuma zaidi ni pointi, zile zinazopanga ranki ya mchezaji. Zinakaa wiki 52 tu kisha zinafutika, kwa hiyo hata ukipanda huwezi kutulia. Ukiumia miezi sita au zaidi unaweza kuomba ranki ya kulindwa, yani unaingia mashindano kwa ranki uliyokuwa nayo kabla hujaumia, ila ukiumia miezi mitatu hakuna kitu, unarudi unakuta umeshuka na inabidi uanzie tena kwenye mchujo, zile mechi za kugombea nafasi ya kuingia mashindano yenyewe.

Ndo maana grand slam, yale mashindano manne makubwa ya tenisi, ni kila kitu kwao. US Open 2024 ukipoteza mechi ya kwanza tu kwenye droo kubwa, yani mashindano yenyewe baada ya mchujo, ulipata dola 100,000, hiyo inalipia msimu mzima!! Ila kama ranki haikuingizi moja kwa moja lazima ushinde mechi tatu za mchujo. Marcus Willis alikuwa wa 772 mwaka 2016, akashinda mechi sita kuingia Wimbledon, tatu za kupata nafasi ya mchujo na tatu za mchujo wenyewe, kisha raundi ya kwanza akamtoa Berankis, akakutana na Federer uwanja mkuu. Alifungwa ndiyo, lakini uwanja mzima ulikuwa unaona mtu wa 772 anajua mpira.

ATP, chama kinachoendesha tenisi ya wanaume, angalau wameanza, tangu 2024 wana mpango wa kumhakikishia mchezaji kipato, wa 176 mpaka 250 kima cha chini kiliwekwa dola 75,000. Nimefurahi kwa kweli. Ila unaishia 250, na wa 260 anapanda ndege zilezile na analala hoteli zilezile, kwa nini asiwemo? Washushe mpaka 400, hela ipo.