Hukuupanda

Nilikusudia wiki hii niandike habari za dada, kwamba amejifungua salama na mtoto ni wa kike, na za kazini, kwamba hatimaye nimethibitishwa. Yote heri, nashukuru. Lakini kila nikikaa kuandika, linalonijia ni neno moja aliloambiwa Baba Mkubwa kule msituni, mimi nimesimama pembeni nimemshikia kikapu.

Mnaomfahamu Baba Mkubwa kupitia hapa mnajua ni mganga wa mitishamba na hana bei. Aliye nacho hutoa, asiye nacho huondoka na dawa yake na salamu juu. Mnaijua pia ile miti yake mikubwa ya kule juu kwenye chemchemi, Prunus africana kwa jina la kitaalamu, ambayo gome lake huwachemshia wazee wanaoamka usiku mara kwa mara kwenda haja ndogo, wakifika inagoma kutoka. Sijawahi kueleza anavyolitoa hilo gome. Huvua kipande upande mmoja, kisha kipande upande wa pili unaotazamana nao, bila kuzidi nusu ya mzunguko wa shina, na panga halizami. Ile ngozi laini iliyo chini ya gome akiiacha nzima, gome hurudi. Mti huo haugusi tena kwa miaka. Ukiuvua kuzunguka shina lote, chakula kinachotengenezwa na majani hakishuki tena mizizini, nao unakufa taratibu ukiwa wima.

Tuliikuta imevuliwa yote, kuanzia ardhini hadi panapoanza matawi. Mmoja waliuangusha kabisa ili walifikie gome la juu. Mashina yalikuwa mekundu, yana majimaji bado, siafu wakipanda na kushuka, na ile harufu kama ya lozi chungu imetanda kila mahali. Baba Mkubwa aliweka kiganja kwenye shina moja, akakiondoa, akakifuta kwenye shati.

Kijana alikuwepo, anaokota mabaki na kuyatia guniani. Hakukimbia. Ni yuleyule aliyevunjika mkono utotoni akaletwa kwetu usiku analia, Baba Mkubwa akamfunga kwa vijiti, akamlaza chumba cha mbele hadi mfupa ukaunga, na hakudai chochote. Mkono huo ndio ulioshika gunia. Alipokua, akawa anafuatana na Baba Mkubwa msituni, na kila mti alioonyeshwa alionyeshwa kwa mapenzi.

"Mwanangu, ungeniambia tu," alisema Baba Mkubwa.

"Nikuambie nini, mzee? Mti umeota wenyewe. Hukuupanda."

Baba Mkubwa akakaa kimya kidogo. "Kweli. Sikuupanda."

Ni hayo tu. Nimeyarudia nikiosha vyombo, nikiwa kwenye foleni, nikiwa kwenye kikao ambacho hata ajenda yake siikumbuki. Hukuupanda. Kila mara namtafutia Baba Mkubwa jibu. Angemwambia: na mkono wako sikuuumba, mbona niliuunga? Angemwambia: ni nani aliyeutunza ukafika hapo? Lakini yeye alikubali, tena bila uchungu, kama mtu aliyeulizwa saa. Na kijana akafunga gunia lake mbele yetu, akavuta kamba kwa meno.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hakuwa peke yake. Lori haliwezi kupanda njia ile bila kijiji kusikia. Waliobeba magunia walilipwa, waliokuwa na nafasi ya kukaushia walilipwa. Kwenye kikao cha kijiji Baba Mkubwa aliuliza swali moja tu, ni nani aliyetoa ruhusa, na hakuna aliyejibu. Wazee waliokunywa dawa yake hadi wakapata usingizi walikuwa wamekaa mbele kabisa. Niliwatazama mmoja mmoja. Mmoja alikuwa anakwaruza tope kwenye kiatu kwa kijiti, akaendelea hivyo hadi kikao kikavunjika.

Soko lenyewe si la jana. Ulaya wamekuwa wakitengeneza dawa ya tezi dume kwa gome hili tangu miaka ya 1960, na misitu ya milimani kuanzia Kameruni hadi Madagaska imevuliwa kwa ajili yake. Ilifika mahali mwaka 1995 mti huu ukaingizwa kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, ya mimea ambayo biashara yake ya kimataifa lazima iwe na kibali. Kwa hiyo mnunuzi alijua. Nina hakika alijua.

Watu wananiletea ule usemi wa tenda wema nenda zako. Aende wapi? Anaishi palepale. Akienda kuchota maji anapishana nao, akienda msibani anakaa nao mkeka mmoja.

Basi juzi jioni kukabishwa hodi. Alikuwa mmoja wa wale wa viti vya mbele, amekuja kuchukua dawa yake kama kawaida. Baba Mkubwa akaanza kuinuka. Mama Mkubwa akamwahi mlangoni.

"Dawa imekwisha, shemeji. Kamuulize aliyeiuza."

Akafunga mlango. Si kwa kishindo, aliufunga tu, akarudi kupepeta mchele. Baba Mkubwa akabaki amesimama, mkono mmoja kwenye kiti, kisha akacheka. Tangu siku ile ya msituni sikuwa nimemsikia akicheka. Alicheka hadi akakohoa, na Mama Mkubwa naye akashindwa kujizuia, na mimi jikoni nikalia kwa furaha. Wote tumekuwa tukiusifu upole wake, na kumbe nilichokuwa nakitamani ni mtu mmoja tu wa nyumba ile akasirike kwa sauti.

Asubuhi yake walikwenda kule juu wote wawili. Ule ulioangushwa ulikuwa na matunda yaliyoiva, meusi kwa uekundu, na mbegu zake hazitaki kuwekwa, zikikauka sana hazioti tena. Wamezitia kwenye vifuko vya udongo siku hiyohiyo, uani, upande wa kivuli. Mama Mkubwa ndiye anayemwagilia. Gome la kutosha dawa huchukua zaidi ya miaka kumi, na Baba Mkubwa anaujua umri wake. Hakuna aliyeligusia hilo.

Nitaandika habari za mtoto wa dada wiki ijayo, na picha nitaweka akiniruhusu. Kwa sasa nimeshikwa na jambo la mama. Leo kwenye simu ameniambia jicho la kushoto linaona ukungu, kisha akasema ni moshi tu wa jikoni, kisha akabadilisha mazungumzo. Nimemtafutia miadi, iliyo karibu ni ya mwisho wa mwezi, na bado sijapata mtu wa kumsindikiza.