Mvua ya masika na rundo la makaa ya mawe

Makaa ya mawe huchimbwa Ngaka, kule Ruvuma, lakini yakirundikwa yadi ya Dar, masika huyatendea vilevile kama mgodini: maji hutoka yamechafuka. Kwanza chimba mfereji upande wa juu, maji safi yapite pembeni. Maji machafu yaliyopita kwenye rundo yaende bwawa la kutuliza tope, urefu wake angalau mara tatu ya upana. Likiwa fupi, maji hukatiza moja kwa moja na vumbi la makaa. Zoa tope kabla halijafika nusu ya bwawa.

Maji maangavu yasikudanganye! Salfa iliyomo kwenye makaa ikikutana na hewa na maji huzaa asidi. Tazama kokoto za mfereji unaopeleka maji machafu bwawani: zikivaa utando wa rangi ya kutu, yaani chuma kilichotoka kwenye makaa, pima pH, kipimo cha uasidi wa maji. Chini ya 6, tia chokaa kabla ya bwawa, chuma kitulie humo, kisifike mtoni.